Kona ya Sita

Mpimaji Semhando hakuja na maneno mengi.
Alikuja na nyundo, misumari ya inchi nne
na kamba ya mkonge iliyosokotwa hapahapa Pongwe,
ikaninukia mikononi hadi usiku.
"Shika ncha hii," akaniambia, "na usiionee huruma.
Kamba ikilegea tumepima tumbo la kamba,
ardhi hatujaipima."

Nilikuwa darasa la sita.
Poligoni nilizozijua zilikuwa za ubaoni,
za chaki ya buluu, nadhifu kama vipande vya keki:
pembetatu, mraba, na ile ya pande sita
ambayo nyuki, tuliambiwa, huichora bila rula.
Nikadhani umbo lisilopendeza halimo.

Ugomvi ulianzia kijitoni.
"Mpaka wangu ni maji," alisema shangazi Mwanahawa,
"tangu marehemu yu hai."
Semhando akavua kofia, akajikuna.
"Maji yanapinda, mama. Upande haupindi."
Akapiga kigingi hapa, akapiga kingine kule,
akayakata mapindo ya kijito kwa mistari miwili mikavu,
na kipande cha tope chenye mashina matatu ya magimbi
kikabaki nje ya hesabu.
Shangazi akayang'oa magimbi yake papo hapo.

Amiri Hoza, shemejiye, naye akataka lake:
kamba ipite mbele ya choo,
izunguke banda la kuku,
irudi ikikata njia iliyokwisha kupita.
Semhando akachuchumaa, akachora vumbini
umbo kama tai ya karani.
"Kamba ikijikata yenyewe, ndani ni wapi, nje ni wapi?
Wewe utalala kwako. Kuku watalala kwa nani?"
Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayeungama:
"Wapo wasomi wanaoliita poligoni hata hili.
Ofisi ya ardhi hailiiti."

Nikamuuliza, chache kabisa ni pande ngapi? Mbili?
"Jaribu."
Nikaokota vijiti viwili vilivyonyooka.
Vilikutana mara moja,
kisha kila kimoja kikashika safari yake,
na katikati yao upepo ukapita bila kubisha hodi.
"Mafiga mawili hayabebi chungu," akasema,
akanitupia kijiti cha tatu.

Halafu tukafika penye kaburi.
Fupi. Mawe saba, chupa ya marashi imefukiwa shingo.
La mtoto wa Hoza, na hakuna aliyelitaja.
Semhando alinyamaza, akang'oa kigingi,
akaingia ndani hatua mbili, akapiga msumari,
akageuka, akatoka.
Kiwanja cha shangazi kikabonyea
kama bakuli la bati lililoangushwa.

"Kimeharibika?" nikanong'ona.
"Pande zimenyooka?"
Zimenyooka.
"Kila ncha imeshikana na ya jirani yake, mbili tu kwa kila kona?"
Ndiyo.
"Basi. Uzuri haumo katika masharti.
Limebaki moja: tufunge."

Hatukufunga.
Tulirudi kwenye msumari wa kwanza, chini ya nguzo ya umeme,
kamba ikakosa vidole vinne.
Vidole vinne, jua la saa saba,
na watu wazima wawili wakitazamana
kana kwamba mmoja wao kaiba.
"Uwazi ni uwazi," akasema Semhando.
"Mbuzi hapiti, lakini kesi inapita."

Tukazunguka upya, kona kwa kona.
Kwenye ya sita, ile iliyoingia ndani,
akautazama mguu wangu, akautazama msumari, akaelewa.
Nilikuwa nimesogea,
mkono ukanifuata,
nisikanyage udongo wa mtoto.

Hakunigombeza.
Alipiga magoti yeye, akaishika ncha kwa vidole vyake,
akanituma niende na upande mwingine wa kamba.

Pande nane. Ikafunga.

Shangazi alichemsha yale magimbi, akatugawia kwa chumvi.
Tulikula tumekaa duara, umbo lisilo na upande hata mmoja.
Amiri Hoza alikula amesimama,
upande wake.